Fedha za tabianchi: nani aamue zitumike vipi?

Mjadala wa namna nchi zinazoendelea zitakavyohimili mabadiliko ya tabianchi huishia mara nyingi kwenye kiasi cha fedha. Ni kweli kiasi hakitoshi. Kwa hesabu za OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi ambalo wanachama wake wengi ni nchi tajiri, mwaka 2022 nchi tajiri zilitoa na kuchangisha dola bilioni 115.9 za tabianchi, lakini zilizokwenda kwenye kuhimili ni bilioni 32.4 tu, na sehemu kubwa ya fedha za umma ilikuwa mikopo. Ila swali la nani anapanga matumizi lina uzito uleule, na Bangladesh inalijibu kwa namna mbili zinazopingana.

Wanaotaka serikali kuu ishike usukani wana ushahidi mzito. Kimbunga Bhola cha mwaka 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000. Kimbunga Sidr cha 2007, nacho kikali sana, kiliua zaidi ya 3,000. Vifo hivyo bado ni vingi mno, lakini tofauti ililetwa na utabiri, tahadhari ya mapema, majengo ya kujihifadhi na maelfu ya watu wa kujitolea waliopita vijijini kuwahimiza wenzao wahame. Hakuna kijiji kinachoweza kuunda mtandao kama huo peke yake.

Sasa tazama matuta ya kuzuia maji yaliyojengwa na serikali kusini-magharibi mwa nchi hiyohiyo kuanzia miaka ya 1960. Yalizuia maji ya chumvi, na mavuno yakapanda. Lakini tope lililokuwa likisambazwa mashambani na maji ya bahari yanayojaa lilibaki mitoni, sakafu za mito zikapanda, na maji ya mvua yakakosa pa kutokea. Mashamba yakageuka madimbwi kwa miaka. Mwaka 1990 wakulima wa Beel Dakatia, eneo la bondeni huko kusini-magharibi, walikata tuta wenyewe ili maji yapite. Maarifa hayo ya kuruhusu maji yanayojaa na kupwa yarudishe tope mashambani baadaye yaliingizwa kwenye mipango rasmi. Wakulima walikuwa wanaujua mto wao; walichokosa ni mamlaka.

Hata hivyo, wenyeji nao si kundi moja. Shamba linaloachwa lijazwe tope halilimwi kwa miaka kadhaa, na fidia ya mwenye shamba imezua ugomvi mara nyingi. Kamati ya kijiji inaweza kutawaliwa na wenye ardhi kubwa, na asiye na ardhi asisikilizwe kabisa.

Kwa maoni yangu, utabiri na tahadhari vibaki serikali kuu. Lakini mradi wowote unaogeuza njia ya maji au matumizi ya ardhi usianze bila ridhaa ya wanaoishi hapo, wasio na ardhi wakiwemo, na fidia iwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Fedha zake ziwe ruzuku, kwa sababu tuta halizalishi mapato ya kulipia deni, na likijengwa vibaya nchi italilipia tena kulibomoa.