Ugonjwa Huu Hauitwi Mawazo

Wiki iliyopita nilimpelekea barua ya daktari afisa anayeshughulikia wafanyakazi katika shamba la maua ninapofanya ukarani, hapa Naivasha, nikiomba ruhusa ya asubuhi moja kila baada ya wiki mbili ili nihudhurie kliniki ya kiwewe, yaani jeraha la akili linaloachwa na mateso. Aliisoma, akaikunja, akanirudishia. "Mama, wewe huna ugonjwa," aliniambia. "Una mawazo tu, na hapa hakuna asiye na mawazo." Aliyasema kwa upole, kama mtu anayenifariji, na upole huo ndio ulioniuma.

Neno hilo silikubali. Mwenye mawazo anajua anachokiwaza: karo, kodi ya nyumba, mgonjwa aliyelazwa. Mimi ninaposhtuka siwazi chochote. Jumapili jioni mwanangu wa miaka sita aliangusha kifuniko cha sufuria, na kabla sijajua kilichotokea nilikuwa nimechutama kando ya sinki, mikono kichwani, jasho likinitiririka mgongoni. Alinijia polepole, akaniwekea kifuniko mapajani, akasema, "Mama, ni hiki tu." Mtoto wa miaka sita hapaswi kujua kumtuliza mama yake kwa ustadi kiasi hicho.

Sikuumizwa siku moja. Nilikulia katika nyumba ambamo tuliweza kujua, kwa jinsi baba alivyougeuza ufunguo mlangoni, kama usiku huo tutalala au tutapigwa. Januari 2008, nikiwa na miaka 13, tulizikimbia vurugu za baada ya uchaguzi kule Molo tukaishi katika hema kwenye uwanja wa maonyesho wa Nakuru, na kipigo kikatufuata humo humo. Tume ya Waki, iliyochunguza vurugu zile, ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Serikali ilitenga shilingi 10,000 kwa kaya iliyohamishwa ili ianze maisha upya, na shilingi 25,000 kwa waliobomolewa au kuchomewa nyumba. Usingizi haukuwamo katika hesabu hiyo.

Shirika la Afya Duniani limekwisha kuupa ugonjwa huu mahali pake. Katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, kiwewe kinachotokana na mateso ya muda mrefu, ambayo mtu hakuweza kuyakimbia, kimetengwa na kile cha tukio moja. Juu ya ndoto mbaya na kushtuka, mgonjwa hushindwa kutuliza hisia zake, hujiona hana thamani na huona shida kukaa karibu na watu, hata wale anaowapenda. Daktari aliponisomea maelezo hayo nililia, kwa sababu kwa miaka mingi niliamini kwamba hiyo ndiyo tabia yangu.

Jambo ambalo mwajiri haoni ni kwamba kazini mimi ni mfanyakazi mzuri, na ninakuwa mzuri kwa sababu ya woga ule ule. Nahesabu maboksi mara tatu. Najua msimamizi amekasirika kabla mwenyewe hajajua. Februari, tunapopakia maua ya siku ya wapendanao hadi usiku, sikosei hata lebo moja. Kisha ninafika nyumbani nikiwa sina subira iliyobaki, na wanangu wanaomba maji, wanagombania kalamu, wanacheka kwa sauti, nami nawafokea kwa sauti ninayoitambua kuwa ya baba yangu. Shamba linachukua utulivu wangu wote wa siku. Wanangu wanapata makombo. Asubuhi ile ninayoiomba ni yao.

Nakubali kwamba afisa yule ana mamia ya watu wa kuwapangia zamu, na kwamba wapo wanaoleta barua za uongo. Hata hivyo, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo angalau siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na saba nyingine kwa nusu mshahara kila mwaka, mradi alete cheti cha daktari, na haikudai kwamba ugonjwa huo uonekane kwenye eksirei.

Kwa wale wanaoniambia niombe, ninaomba, na maombi yamenishika mkono usiku mwingi. Kliniki imenifundisha jambo jingine: kutaja kwa sauti vitu vilivyo mbele yangu hadi moyo urudi mahali pake. Mfereji. Mwiko. Kipande cha sabuni. Kifuniko. Jumapili ile nilivitaja, kisha nikamwambia mwanangu kwamba Mama aliogopeshwa sana alipokuwa mdogo, kwamba yeye hakukosea, na kwamba yupo daktari anayenisaidia. Aliuliza kama daktari huyo hudunga sindano. Nikamwambia hapana, tunazungumza tu, akarudi kucheza.

Kliniki yangu ni Alhamisi, saa tatu asubuhi. Barua nimeirudisha kwa afisa, safari hii na nakala kwa meneja, bila kubadilisha neno la daktari.