Steringi kafa, na mi nilikuwa upande wake

Sisi tuliokulia vibanda umiza tunajua sheria moja tu ya muvi: steringi hafi. Atapigwa risasi ya bega, ataanguka toka ghorofani, watamzika kabisa, ila anarudi, na ukianza kupata wasiwasi kuna jamaa pale nyuma keshaiona mara nne atakwambia tulia wewe, huyo hafi. Sasa mi mara ya kwanza kuangalia Das Boot nikafika mwisho nikabaki nimeikodolea macho skrini kama mtu aliyeibiwa simu kwenye daladala, yaani najua kuna kitu kimetoka ila sielewi kimetoka saa ngapi. (Ndio nimeshakwambia mwisho wake. Muvi ina miaka zaidi ya arobaini, usinilaumu.)

Kwa asiyeijua, ni muvi ya Wajerumani ya mwaka 1981, dairekta ni Wolfgang Petersen, huyuhuyu aliyekuja baadaye kutuletea Air Force One na Troy. Nyambizi ya jeshi la Hitler, U-96, inatoka La Rochelle pwani ya Ufaransa mwaka 1941 kwenda Atlantiki kuwinda meli zinazopeleka mizigo Uingereza. Hadithi ndo hiyo. Hakuna demu wa kuokoa, hakuna jasusi, hakuna bomu la kutegua sekunde ya mwisho. Wanaume zaidi ya arobaini ndani ya bomba la chuma, wanasubiri.

Na naandika kwa sababu kila nikikuta watu wanabishana muvi gani ya nyambizi ni kali kuliko zote, wakifika kwenye Das Boot wote wanataja sehemu moja, ile ya mita 280, na mi nabaki nasema moyoni hawa watu wameangalia muvi moja na mi nimeangalia nyingine. Ntaifikia hiyo.

Kwanza humo ndani. Nyambizi ya aina ile urefu wake ni mita 67, ukisikia unaona ni kubwa, ila ukitoa sehemu ya torpido (yale mabomu yanayokwenda majini yenyewe kuipiga meli), injini, mabetri na mitambo, binadamu anabakiwa na kichochoro. Vitanda watu wanapokezana, huyu akienda zamu mwenzake analala kwenye joto lake. Vyoo viwili, na mwanzo wa safari kimoja kimejazwa chakula kwa hiyo jumla choo ni kimoja. Mikate na soseji zimening'inia juu ya vichwa, baada ya wiki mkate umeota ukungu mweupe kama sungura. Ndevu, jasho, chawa wa sehemu za siri (ndio, wameonyesha, na foleni nzima inakaguliwa). Kama umewahi kupanda Costa ya saa kumi na mbili jioni halafu konda akasema "sogeeni nyuma kuna nafasi", umeshaielewa nusu ya hii muvi.

Kamera yenyewe inapita humo kama konda. Kengele ikilia watu wanakimbia mbele ili pua ya nyambizi iwe nzito izame haraka, na kamera inakimbia nao, inapenya kwenye vile vitundu vya duara vya milango bila kugonga, mpigapicha wao Jost Vacano alikuwa anaibeba mkononi anakimbia nayo, kavaa helmeti na vitu vya kujikinga asipasuke kichwa. Hakukata ukuta wa seti ili apate nafasi. Unaliona hilo hata kama hujui chochote kuhusu kamera, maana hamna sehemu unayopata kupumua. Halafu waliipiga muvi kwa mpangilio wa hadithi, mwanzo hadi mwisho, na waigizaji wakakatazwa jua, kwa hiyo zile ndevu na zile sura za mgonjwa wa malaria wiki ya pili siyo poda.

Kitu kingine ambacho watu hawakijui kuhusu nyambizi za zamani, mi mwenyewe sikukijua, ni kwamba hazikuwa nyambizi kivile. Zilikuwa boti zenye uwezo wa kujificha chini ya maji kwa muda. Injini za dizeli zinataka hewa, kwa hiyo muda mwingi wanatembea juu kama boti nyingine tu, wakizama wanategemea betri, na kwa betri spidi yake ni kama ya mtu anayeendesha baiskeli bila haraka. Manowari ya adui ikishakushtukia huna pa kukimbilia. Unakaa kimya. Na hapo ndo muvi inageuka kuwa muvi ya masikio. Sona ya manowari, yaani mtambo wa kuitafuta nyambizi kwa sauti, inagonga ubavu wa nyambizi, tin... tin... tin..., nahodha kasimama kainua macho kwenye dari kama anamwona huyo aliye juu, hakuna anayekohoa, halafu yanaanza kushuka yale mapipa ya baruti yanayotegwa yalipuke yakifika kina fulani. Taa zinazimika. Nati zinachomoka kwenye chuma kama risasi. Kuna fundi wa injini anaitwa Johann, mtu wa kuipenda mashine yake kuliko mke, siku hiyo anachanganyikiwa kabisa anataka kutoka nje, nje wapi sasa, na nahodha anaenda kuchukua bastola. Nilipoiangalia kwa hedifoni nilijikuta nimebana pumzi, nipo kitandani kwangu, feni inazunguka.

Nahodha ni Jürgen Prochnow. Simpendi muigizaji anayeigiza sana na huyu haigizi sana, macho tu. Ana miaka thelathini ndani ya hadithi na wanamwita Mzee. Hana habari na Chama cha Nazi, kuna siku anaagiza ipigwe santuri ya Tipperary, wimbo wa askari wa Uingereza, wote wanaimba mle ndani, na yule ofisa mmoja Mnazi, msafi wa kunyoa kila siku anakunja sura. Nahodha wa kweli wa U-96, Heinrich Lehmann-Willenbrock, alikuwepo kama mshauri. Mwandishi wa kitabu kilichozaa hii muvi, Lothar-Günther Buchheim, naye alipanda nyambizi hiyohiyo mwaka 1941 kama mwandishi wa habari za vita, na muvi ilipotoka hakuipenda. Alilalamika waigizaji wamezidisha kelele. Huenda ana haki, yeye alikuwepo, mi sikuwepo.

Haya, mita 280. Wanaagizwa wapite mlango wa Gibraltar kuingia Mediterania, sehemu nyembamba imejaa Waingereza, ndege inawawahi, wanazama, usukani haukamati, geji inashuka inapita alama ya mwisho kabisa, wanaangukia mchangani huko chini. Maji yanaingia, hewa inaisha, yule Johann aliyechanganyikiwa ndo anakuja kuwa mwanaume, chifu injinia anafufua betri moja moja. Ni tukio kali, sibishi. Sema ni ukali tunaoujua. Watu wamekwama, watatoka hawatatoka. Hiyo ukiibadilisha ukaweka mgodi wa Mererani au lifti iliyokwama inakwenda vilevile.

Sehemu ambayo muvi nyingine za nyambizi hazina ni ile ya meli ya mafuta.

Wameshapiga msafara, wamewindwa masaa, wameponea chupuchupu. Usiku wanaibuka juu, wanaikuta meli waliyoipiga bado inaelea, inawaka moto bahari nzima nyekundu. Nahodha anaamuru torpido ya kumalizia. Inapigwa. Ndipo wanaona kuna watu wanakimbia kwenye sitaha, wanawaka, wanajirusha majini. Hawajaokolewa! Nahodha anapandwa na hasira, anauliza kwa nini hawa watu hawajachukuliwa na wenzao masaa yote haya, kana kwamba kosa ni la wenzao. Na wale walio majini wanaanza kuogelea kuja kwenye nyambizi, wanapiga kelele za msaada. Nafasi ya kuwaweka hamna. Nahodha anatoa amri nyambizi irudi nyuma.

Irudi nyuma taratibu. Hawapigi risasi, hawasemi kitu, wanarudi nyuma tu gizani.

Sasa wewe mtazamaji umefika hapo ukiwa umeshakaa nao masaa mengi, umecheka nao, yule dogo Ullmann unajua ana mchumba wa Kifaransa mjamzito, umewaombea mapipa yasiwapate, na muda huu ndo unakumbuka walikuwa wanafanya kazi gani. Mi naona Petersen alitutega makusudi. Mwanzoni kabisa anaweka maandishi kwamba Wajerumani 40,000 walipelekwa kwenye nyambizi na 30,000 hawakurudi. Alisimulia kuwa ilipoonyeshwa Los Angeles, watu ukumbini walipoisoma hiyo elfu thelathini walipiga makofi. Walifurahi wamekufa. Muvi ilipoisha wakapiga makofi tena, sasa wamesimama, kwa ajili ya muvi. Wapo wanaosema hiyo ni hatari, kwamba inawaosha askari wa Hitler, na sioni ni hoja ya kupuuza. Sema ile amri ya kurudi nyuma haiwaoshi. Ndo maana nashangaa watu wanaipita haraka kwenda Gibraltar.

Na kuna sababu nyingine inayonifanya niigande. Mi historia nimesoma mpaka kidato cha nne, nikakariri sababu za vita kuu ya pili na madhara yake kwa Afrika, moja hadi sita, nikapata B. Hakuna aliyewahi kuniambia kuhusu meli ya Khedive Ismail. Mapema Februari 1944 msafara wa meli ulitoka Mombasa kwenda Colombo, Ceylon, ambayo ndo Sri Lanka ya leo. Moja ya meli hizo ni hiyo, juu yake watu 1,500 hivi, na wengi ni askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, vijana wa huku wanapelekwa kupigana na Wajapani Burma, humohumo kuna manesi. Tarehe 12 mchana, upande wa Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 ikaipiga torpido mbili. Meli ilizama kwa dakika chache sana, waliokuwa vyumba vya chini hata ngazi hawakuiona. Walikufa watu 1,297.

Sasa sikiliza. Waliobaki wakawa wanaelea, na ile nyambizi ikajificha chini yao. Manowari ya Uingereza, HMS Petard, ikawa na mambo mawili: iwaache watu waokolewe, nyambizi ibaki hai karibu na meli nyingine zilizojaa askari, au itupe mapipa palepale. Wakatupa. Kati ya watu waliokuwa wanaogelea. I-27 ililazimika kuibuka, HMS Paladin ikajeruhiwa ilipotaka kuigonga, mwishowe Petard ikaimaliza kwa torpido.

Ukishaijua hiyo, jaribu kurudi kwenye Das Boot. Mle ndani unasikia mlipuko tu, unahesabu, unashukuru umepita. Juu huoni. Kiswahili ndo kilikuwa lugha ya jeshini kwenye vikosi vyetu, kwa hiyo kelele za msaada za siku ile bila shaka nyingi zilikuwa za lugha hii ninayokuandikia, na muvi ya upande huo haipo. Mi ningelipa hata mara mbili kuiona, na isiwe na steringi kabisa.

Hiyo Petard, kwa taarifa yako, ndo ileile iliyokamata nyambizi ya Kijerumani U-559 huko Mediterania mwaka 1942, mabaharia wake wawili, Fasson na Grazier, wakazama nayo wakiwa wanatoa vitabu vya siri vya kusomea mawasiliano ya nyambizi za Kijerumani. Hollywood mwaka 2000 wakatengeneza U-571, kazi ya namna hiyo wakawapa Wamarekani, Waingereza wakanuna mpaka bungeni. Ni muvi nzuri ya kibanda umiza, popkoni na kelele, steringi hafi. Ukiimaliza unaenda kula.

Kwa anayetaka kuanza na Das Boot: usiangalie iliyoingiziwa sauti za Kiingereza, weka Kijerumani na maandishi chini, lugha ile inaenda na chuma. Kuna ya masaa mawili na nusu ya mwaka 1981, kuna ya mwaka 1997 ya karibu masaa matatu na nusu, na kuna ile ndefu ya TV inayokaribia masaa matano. Wengi wanasema ya 1997 inatosha. Mi nasema ile ndefu, kwa sababu ile ndefu inaboa, kuna saa zima hakuna kinachotokea, mvua, mawimbi, jamaa wanatukanana kuhusu mambo ya chooni, unaanza kutamani hata meli moja ya adui itokee ili pachangamke. Halafu inatokea.