Lumbesa ya Maksi

Niliwahi kupata hasi sita kwenye mtihani. Siyo sita, hasi sita. Kuna watu wanapata sifuri wanalia wakidhani wamefika mwisho wa dunia. Hao hawajui kwamba chini ya sifuri kuna korongo, na mimi nimelala humo.

Ilikuwa Juni, hapa hapa Mbeya, kwenye chuo ambacho sikitaji kwa sababu bado sijachukua cheti. Asiyeijua Juni ya Mbeya aulize. Maji ya ndoo yanauma meno hata kabla hujayanywa, na kuoga asubuhi ni kikao unachofanya na nafsi yako, na mara nyingi kikao kinaahirishwa. Usiku wa kuamkia mtihani nililala na suruali mbili na koti la mtumba la Mwanjelwa, na asubuhi nikaondoka nalo hivyo hivyo kuelekea ukumbini.

Geto nilikuwa nakaa na jamaa tuliyemwita Kyela. Kwao ni Kyela, na kila mwezi mama yake alikuwa anamtumia mchele kwa basi. Nikisema nilikuwa nakaa naye najipendelea. Nilikuwa namla. Bumu, yaani pesa ya mkopo wa wanafunzi, likichelewa, mimi na wengine wawili tulikuwa tunaishi kwenye gunia la yule mama tusiyewahi kumwona. Naomba hilo likumbukwe mbele ya safari.

Kozi ilikuwa Takwimu. Mwalimu wake, Prof, tulimpachika jina la Kitonga, ule mlima wa kona kali kule Iringa, kwa sababu ukimfikia lazima ushushe gia, na pembeni kuna walioshindwa kona. Hakuwa mkali wa kufoka. Angefoka tungemzoea. Alikuwa mpole, sweta na tai, chupa ya chai mezani, halafu anakupa 31 huku anakuuliza nyumbani hawajambo.

Mtihani ulikuwa na maswali 20, kila swali A, B, C au D, unaandika herufi kwenye kisanduku. Nilikuwa nimesoma, nisisingiziwe. Nilikuwa nimekesha na madesa ya miaka mitatu iliyopita. Prof hakurudia hata swali moja, jambo ambalo mpaka leo naliona kama kuvunja mila. Kufika swali la nne akiba ikaisha. Mbele yangu alikaa Kyela, mtu wa mabega kama kabati, lakini siku ile baridi ilimfanya ainamie kulia ili mkono wa kushoto uingie kwapani upate joto. Karatasi yake yote ikabaki wazi.

Nikapiga chabo. Nilipiga kwa imani kabisa, kuanzia la nne mpaka la ishirini, bila kujiuliza swali dogo sana: kwani Kyela anajua nini? Baadaye aliniambia alikuwa anachagua herufi kwa kuangalia ipi haijatokea siku nyingi.

Tulipotoka nje, dada mmoja wa mstari wa mbele akauliza, "Hivi mligeuza ukurasa wa mwisho?" Hakuna aliyekuwa ameugeuza. Nyuma kule, kwa maandishi ya ukubwa wa sisimizi, palikuwa pameandikwa kwamba jibu sahihi ni maksi moja, ukiacha wazi ni sifuri, ukikosea unakatwa moja.

Wiki iliyofuata mkeka wa matokeo ukabandikwa, kutoka wa juu kwenda wa chini. Nilianza kutafuta namba yangu juu, kwa heshima tu. Nikashuka. Katikati nikamkuta jamaa mmoja aliyepitiwa na usingizi siku ya mtihani na hakufika kabisa. Amewekewa sifuri, na yuko juu ya watu zaidi ya arobaini. Wenzake walikuwa wanampa mkono wa pongezi, naye anaupokea. Nikashuka tena. Mimi na Kyela tulikuwa tumekaa pamoja, hasi sita kwa hasi sita, kama maharusi.

Mama akapiga simu jioni. Anauza viazi Isyonje, njia ya Tukuyu, na tangu nianze chuo anafuatilia maksi kama anavyofuatilia bei.

"Umepata ngapi?"

"Hasi sita, mama."

Akanyamaza kidogo. "Hasi maana yake unamdai au anakudai?"

"Ananidai."

"Gwe! Umeenda kusoma au kukopa?"

Nikamweleza habari ya kukosa moja na kukatwa moja. Hapo akachemka. "Hiyo ni lumbesa, mwanangu! Hiyo ni lumbesa kabisa!"

Kwa msio na ndugu wakulima: sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Mnunuzi anakuja na gunia lake, analijaza, halafu anashonea kofia ya wavu juu na kuijaza nayo, gunia linakuwa na shingo na kichwa. Anakulipa gunia moja. Mama amepigana na kichwa hicho maisha yake yote, kwa hiyo akikisikia mahali anakitambua hata kama hajui Kiingereza.

Usiku nikachukua kalamu nikapima, na kweli. Anayebahatisha kwenye machaguo manne anapata mara moja na kukosa mara tatu. Kwa maswali 20 ni 5 sahihi na 15 makosa. Ukikata moja kwa kila kosa, mbahatishaji anatoka na hasi 10. Mtu asiyejua kitu anastahili sifuri, na ili apate sifuri kila kosa linatakiwa likate theluthi moja tu. Haya yote Prof mwenyewe alitufundisha kwenye thamani tarajiwa. Nilikuwa nimemkamata kwa kamba yake.

CR, mwakilishi wa darasa, alikataa kwenda kwa Prof. Alisema kazi yake ni kusambaza madesa kwenye grupu. Nikamburuza Kyela awe shahidi. Njia nzima alikuwa ananiambia, "Kaka, hasi sita siyo mbaya, tuiache ipite." Nilimwona mwoga.

"Shikamoo Profesa."

"Marahaba. Nyumbani hawajambo?"

Nikamwaga hesabu yangu yote, na kwenye lumbesa nikaweka mkazo kwa mkono. Prof alisikiliza, akanywa chai, akaandika kidogo, akasema, "Uko sahihi. Nimekosea mimi. Nitarekebisha kwa darasa zima."

Jamani. Nilitamani pangekuwa na mpiga picha.

"Tuanze na nyinyi," akasema, akatoa karatasi zetu mbili na kuziweka mezani, moja kando ya nyingine.

Sijui kwa nini sikuliona hilo tangu mapema. Nilikuwa nimepiga hesabu ya kila kitu isipokuwa hiyo meza.

"Sahihi saba, makosa 13. Saba toa nne na theluthi. Mbili na theluthi mbili. Hongera." Akahamia kwa Kyela. "Sahihi saba, makosa 13..." Kalamu ikasimama. Jicho likaenda kushoto, likarudi kulia, likaenda tena kushoto.

Kyela akaniangalia kama mtu aliyefungua gunia la mchele akakuta panya.

"Makosa 12 yanafanana herufi kwa herufi," Prof akasema, taratibu sana. "Kila swali lina njia tatu za kukosea. Tatu ijizidishe mara 12." Akabonyeza kikokotoo. "Ni 531,441. Sensa ya 2022 ilikuta Jiji la Mbeya lina watu laki tano na elfu arobaini na kitu. Yaani ningewaita wote, pamoja na watoto wachanga, wakakosea maswali hayo 12 kwa kubahatisha, ningetegemea nimpate mmoja wa kufanana na Kyela. Naye amekaa nyuma yake."

Nikajitetea. Nikasema hesabu hiyo inachukulia kwamba majibu mabaya yote yana mvuto sawa, wakati kuna makosa yanayovuta watu wengi.

"Hoja nzuri sana," akasema. "Ungeileta kwenye mtihani. Na la 17?"

La 17 nilikuwa nimeandika E.

Mtihani haukuwa na E.

"Mimi niliandika B, Profesa," Kyela akasema kwa sauti ndogo. "Mkono uliganda kwa baridi, ikashindwa kufunga." Prof akaisogeza karatasi dirishani, akaiinamia. "Kweli, hii ni B. Na B ndiyo jibu." Akamwongezea. Sahihi nane, makosa 12, maksi nne kamili. Akanigeukia. E yangu ilikuwa nzuri, imenyooka, imeandikwa na mtu mwenye uhakika.

Kwa sheria ningeweza kufukuzwa chuo. Prof alikunywa chai mpaka chupa ikaisha, akasema kwa kuwa nimemfundisha kitu, hatalipeleka kwenye kamati, ananipa sifuri. Nikashukuru, nikatoka, na nje ndipo nikagundua kwamba nimekamatwa naibia mtihani na maksi zangu zimepanda sita.

Mkeka mpya ukatoka, darasa likanibeba juu kama mbunge. Sikuwaeleza mengi. Jioni Kyela alipika wali. Alipika wa mtu mmoja, akala taratibu, akikwangua sufuria kwa kijiko mpaka ukoko wa mwisho, mimi nikiwa kitandani na koti langu la Mwanjelwa. Aliendelea hivyo siku tisa.

Mwezi uliofuata ikaja UE, mtihani wa mwisho wa muhula. Prof mwenyewe akanionyesha pa kukaa, mstari wa mbele, peke yangu, mkabala na meza yake. Karatasi zikagawiwa. Safari hii maelezo yalikuwa ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa: ukikosea unakatwa theluthi moja, chagua A, B, C au D. Chini yake palikuwa na sentensi moja imepigiwa mstari, na nikasikia viti vya ukumbi mzima vikigeuka kunitazama.

"E haipo."