Benki za Kenya huko Congo: vita vikija hasara inabaki kwa nani?

Tangu Congo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022 kila mtu hapa Nairobi anaongea soko soko, na ukweli mabenki yetu yalikuwa yashatangulia. Equity walinunua benki ya ProCredit ya kule 2015, 2020 wakachukua hisa nyingi za BCDC, benki nyingine ya huko, wakaunganisha ikawa EquityBCDC, saa hii ni kati ya benki kubwa kabisa nchini humo. KCB nao mwisho wa 2022 wakanunua asilimia 85 ya TMB, benki iliyozaliwa Lubumbashi.

Wanaosema hawa wamefuata faida tu wako sawa, lakini faida sio dhambi jamani. Congo watu wengi sana hawajawahi kuwa na akaunti, mfanyabiashara anasafiri na dola kwenye begi barabara zenye watu wa bunduki, sasa akija mtu na mawakala mitaani na huduma kwa simu, huyo kaleta kitu, na mwanahisa wa Kenya pia anakula, manake Congo ndio inaleta faida nzuri kwenye vitabu vya Equity nje ya Kenya.

Shida ni kwamba tulishaona sinema hii Juba, Sudan Kusini. KCB waliingia huko 2006, miaka mitano kabla ya uhuru, wengine wakafuata, pesa ikatiririka, halafu Desemba 2013 vita vikalipuka na Desemba 2015 serikali ikaiachia pauni ielee, ikatoka kama 3 kwa dola hadi kama 18 kwa mpigo mmoja. Faida ya kule ikasinyaa ikifika Nairobi, ni kweli, lakini benki ina Kenya ina Uganda ina kwingine, inajikunyata inaendelea. Mwalimu wa Juba aliyeweka akiba yake kwa pauni hana kwingine.

Congo amana nyingi ziko kwa dola kwa hiyo hilo la sarafu haliumi hivyo. Lakini angalia Goma, mji wa mashariki mwa Congo. Mwisho wa Januari 2025 waasi wa M23 wakaingia, Bukavu ikafuata Februari, mabenki yakafungwa na uwanja wa ndege ukafungwa. Dola zako zipo, salio unaliona kwenye simu, ila huwezi kuzishika! Wakala mwenye keshi kidogo akawa anakata kamisheni anavyotaka, wenye uwezo wakavuka mpaka kwenda Gisenyi upande wa Rwanda, na yule mama wa soko la Virunga ambaye mtaji wake wote uko benki akabaki anahesabu siku.

Na hapa nitawatetea mabenki kidogo. Wafungue vipi? Pesa za noti haziwezi kufika, benki kuu iko Kinshasa na haitaki, halafu M23 wako kwenye vikwazo vya Umoja wa Mataifa, ukilipa kodi kwao kesho benki za New York zinazokupitishia dola zinaweza kukukatia mkondo, na hapo unaua hadi akaunti za Lubumbashi na Kinshasa ambako hakuna vita. Kwa hiyo kufunga kulikuwa na sababu, sitaki kudanganya watu.

Nisichokubali ni mteja kuachiwa hasara wakati hatari hii ilijulikana. M23 walishaiteka Goma Novemba 2012, sio siri, aliyenunua benki baada ya hapo alijua. Bei ya kununua ilipangwa kwa kuangalia hatari ya mwekezaji, ila hatari ya mteja nani aliipigia hesabu? Mimi nasema waingie, wakiacha hilo soko wataingia wasio na sheria kabisa, lakini benki kuu za Nairobi na Kinshasa ziwadai kabla ya leseni wajibu mambo ya kawaida tu: tawi likifungwa kwa vita mteja atatoa pesa wapi na kwa makato gani, na mkopo wake riba itaendelea kupanda wakati duka lake limeporwa au itasimama.