Mtoto Hakuchagua Arosto

Tangu mwaka 2011 waraibu wa heroini wa hapa Dar es Salaam wamekuwa wakipata methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, Muhimbili, na baadaye huduma hiyo ikafika Mwananyamala na Temeke. Lakini miongoni mwa wanaojitokeza, wanawake ni wachache mno kuliko wanaume, nami naamini kwamba sababu kubwa ni ndimi zetu. Teja wa kiume tunamwita mwizi, pengine mgonjwa. Akiwa mwanamke, tena mjamzito, tunamwita muuaji, naye hujificha maskani, kwa mateja wenzake, hadi uchungu umshike.

Aibu hiyo haiishii kwake. Heroini hupenya kondo la nyuma na kufika kwenye ubongo wa kijusi, ambao hujizoesha kufanya kazi dawa ikiwemo. Kitovu kikikatwa, dawa nayo hukatika, na ndani ya siku chache mtoto hulia kilio chembamba kisichobembelezeka, hutetemeka na hushindwa kunyonya vizuri. Maskani hali hiyo ina jina: arosto. Hutibika. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni msongo, kwa kuwa huo hauna dalili za kumshtua mkunga. Mama anayeishi kwa hofu hutoa homoni ya kotisoli kwa wingi, sehemu yake ikamfikia mtoto tumboni. Na mtoto huyo akilelewa katika njaa, matusi na kukimbia askari, sehemu za ubongo zinazopiga kengele ya hatari huzoea kuwa macho muda wote, ilhali sehemu ya mbele, ile inayotuwezesha kujizuia, haikomai hadi mtu akaribie miaka 25. Gundi au bangi anayopewa kijiweni akiwa na miaka 12 humpa utulivu ambao hajawahi kuuonja, na hapo ndipo sisi huanza kuhesabu makosa yake. (Samaki mkunje angali mbichi, hupenda kusema tukiwa na fimbo mkononi, kana kwamba fimbo yenyewe haikunji.)

Sisemi kwamba mtoto huyo amekwisha; mlezi mmoja mtulivu anaweza kugeuza mengi, maana ubongo mchanga bado unajijenga.

Wapo wenye nia njema wanaomhimiza mjamzito aache unga mara moja kwa ajili ya mwanawe. Ushauri huo ni wa hatari: kuacha ghafla kunaweza kuharibu mimba au kuleta uchungu kabla ya wakati, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito mraibu wa heroini apewe tiba kama methadoni. Ningependa mkunga wa kliniki amuulize, "Mara ya mwisho ulitumia lini?" kwa sauti ileile anayoulizia tarehe ya hedhi ya mwisho.