Mtazamaji wa filamu duni ya vampaya analalamikia nini hasa?

Kila inapotoka filamu ya mapigano ya vampaya, yaani wafu wanyonya damu, iliyotengenezwa kwa fedha kidogo na ikawavunja moyo watazamaji, mjadala huzuka, na karibu kila mara hufuata njia ileile. Upande mmoja wapo wale waliokaa saa moja na nusu mbele ya skrini wakitarajia hofu na msisimko, wakaambulia watu wenye makoti meusi wakirushiana mateke ndani ya ghala tupu. Upande wa pili wapo watetezi, wengi wao wakiwa watu wanaoijua kazi ya filamu kwa karibu, nao hujibu kwa swali moja: kwa bajeti ile, ulitarajia nini? Swali hilo hunyamazisha haraka, kwa sababu humfanya mlalamikaji aonekane mtu aliyedekezwa na filamu za mamilioni, asiyeweza kumvumilia mtengenezaji mwenye mfuko mdogo. Naona haki haijatendeka hapo. Mtazamaji huyo ameeleweka vibaya, na malalamiko yake yakisikilizwa mpaka mwisho, mengi hayahusu fedha hata kidogo.

Watetezi wana hoja, tena nzito, na si uungwana kuipita juujuu. Mazungumzo ya watu wawili mezani yanaweza kupigwa picha kwa kubadili mahali pa kamera mara chache na kumalizika kabla ya adhuhuri. Pambano la dakika mbili linahitaji mtu wa kulibuni, waigizaji wa kulifanyia mazoezi, watu wengine wa kuanguka na kuruka kwa niaba yao, na vipande vingi vifupi ambavyo kila kimoja kinaweza kudai taa zipangwe upya. Damu ikimwagika kwenye shati, shati la pili lazima liwe tayari, na la tatu pia. Zaidi ya hayo, vampaya anaishi usiku, na usiku una gharama zake: taa kubwa, jenereta, watu waliochoka, na alfajiri inayokuja kuifunga kazi, iwe imekwisha au haijakwisha. Anayeyajua haya hawezi kucheka kirahisi akiona vampaya anakufa na kugeuka majivu ya kompyuta yasiyoshikamana na mwili uliopaswa kuyatoa.

Hata hivyo, hoja hiyo inajibu lalamiko ambalo mtazamaji makini hakulitoa. Katika mazimwi yote ya sinema, ni wachache mno walio rahisi kwa gharama kama vampaya. Hahitaji ngozi ya mpira, wala mashine, wala kikosi cha wataalamu wa kompyuta. Ana uso wa mtu, meno mawili marefu, na jambo baya analolitamani. Riwaya iliyompa umbo tunalolijua, Dracula ya Bram Stoker, ilitoka mwaka 1897, na leo yeyote anaweza kuitumia bila kulipia haki. Ndiyo maana watengenezaji wasio na fedha humkimbilia yeye na si joka.

Tena jadi yake katika sinema imejengwa na watu waliobanwa. Kesi ya mjane wa Stoker dhidi ya filamu ya Nosferatu, iliyoongozwa na F. W. Murnau mwaka 1922 kwa kuichukua hadithi ya Dracula bila ruhusa, inafahamika vya kutosha, pamoja na amri ya mahakama ya kuharibu nakala zake. Kinachotajwa mara chache zaidi ni usiku wa filamu hiyo. Matukio yake mengi ya usiku yalipigwa picha mchana, kisha utepe ukatiwa rangi ya buluu ili mtazamaji aelewe kwamba jua limezama. Anayekutana na nakala isiyotiwa rangi humwona Orlok, vampaya wa filamu hiyo, akibeba jeneza lake katika mwanga wa mchana mweupe. Na filamu hiyohiyo ndiyo iliyoleta sheria kwamba mwanga wa jua humuua vampaya, kwa maana katika riwaya ya Stoker mnyonya damu huyo anaweza kutembea mchana, akiwa amepungukiwa nguvu tu. Watu ambao hawakuwa hata na usiku wa kupigia picha waliiachia sinema sheria ambayo imedumu kwa karne nzima. Walichokuwa nacho ni wazo, na uvumilivu wa kulifuata mpaka mwisho.

Kuna hesabu nyingine ambayo kila ninapoitafakari naiona kubwa zaidi. Mwaka 1958 kampuni ya Hammer ya Uingereza ilitoa Dracula yake, iliyoongozwa na Terence Fisher kwa bajeti ya takriban pauni 81,000, kiasi kidogo kwa filamu ya rangi. Christopher Lee, aliyemwigiza Dracula na ambaye sura yake ndiyo iliyobaki vichwani mwa watu, anaonekana kwa takriban dakika 7 katika filamu ya dakika 80 na kidogo. Anazungumza mwanzoni tu, anapompokea mgeni wake. Baada ya hapo hasemi neno. Mtu ajiulize dakika 70 na zaidi zilizobaki zinafanya nini. Katika tukio moja binti anayeitwa Lucy anaondoka kitandani, anafungua milango ya chumba chake, anavua msalaba shingoni, anarudi kulala na kusubiri. Nje majani makavu yanapeperushwa na upepo. Hakuna pigo, hakuna damu, hakuna mtu mwingine chumbani, na gharama ya tukio zima ni kitanda, mlango na majani. Ila mtazamaji anajua kwamba binti huyu anamtaka yule atakayemuua, na hawezi kumwonya.

Nalirudia hili la dakika 7 kwa sababu mtengenezaji mwenye fedha kidogo ndiye anayepaswa kulipenda kuliko mtu mwingine yeyote. Ni chini ya sehemu moja ya kumi ya filamu. Kila dakika ambayo vampaya haonekani ni dakika isiyodai meno ya bandia, lenzi za macho, damu ya kutengeneza wala mtu wa kuanguka ngazi. Filamu duni ya mapigano hufanya kinyume: kabla dakika kumi hazijapita imekwisha kutuonyesha vampaya wanane, wote wakinguruma kwa sauti moja, wote wakikodoa macho kwa namna moja, na wote wakifa mmoja baada ya mwingine kwa upanga uleule. Imetumia fedha ambazo haina kununua kitu ambacho ingeweza kukificha bure.

Huenda mtu akasema kwamba hiyo ya 1958 ni filamu ya kutisha, na tunazungumzia mapigano. Basi na autazame mwisho wake. Van Helsing, mwindaji wa vampaya aliyeigizwa na Peter Cushing, anakimbia juu ya meza ndefu, anarukia pazia na kulichana, mwanga unaingia. Kisha anachukua vinara viwili vya mishumaa, anavishika kwa umbo la msalaba, na kumsukuma adui mpaka ndani ya mwanga. Hilo ni pambano kamili, limebeba filamu nzima, na silaha zake ni pazia na vinara. Linasisimua kwa sababu tangu mwanzo tumeelezwa ni nini kinachomuumiza vampaya na ni nini kisichomuumiza.

Hapo ndipo lalamiko la kweli lilipo. Katika filamu duni, shujaa anaingia ghalani, maadui wanne wanamzunguka na kusubiri zamu zao kwa adabu. Anampiga mmoja ngumi, aliyepigwa anaruka mita tatu, anagonga ukuta, anainuka. Anampiga tena, anainuka tena. Kama anayepigwa hafi na anayepiga hachoki, ngumi ya ishirini ina tofauti gani na ya kwanza? Pambano hupata uzito kwa kile kinachoweza kupotea, na vampaya ni kiumbe ambaye hapotezi kitu mpaka mwandishi amwekee mpaka. Mswada usipoweka mpaka huo, hata waigizaji hodari kiasi gani watakuwa wanacheza tu mbele ya kamera.

Baya zaidi ni pale mpaka unapowekwa kisha ukavunjwa. Mwanzoni tunamwona vampaya akiungua mkono kwa mwale mmoja uliopenya dirishani. Kuelekea mwisho anapambana nje, na kivuli chake kinaonekana wazi kwenye lami. Anayejua kazi ya filamu atakisia kilichotokea: usiku uliisha, jenereta iligoma, ratiba ikawabana. Mtazamaji hana njia ya kuyajua hayo, wala si wajibu wake. Anachojua ni kwamba alipewa ahadi na ahadi ikavunjwa, na mstari mmoja tu wa mazungumzo, ulioandikwa upya siku ileile, ungetosha kuiokoa.

Kwamba vampaya na mapigano vinaweza kukaa pamoja bila utajiri, ushahidi upo. Near Dark ya mwaka 1987, iliyoongozwa na Kathryn Bigelow kwa takriban dola milioni 5, haitamki neno vampaya hata mara moja. Ndani yake kuna tukio ambalo kila anayeandika filamu za namna hii angepaswa kulitazama kabla ya kugusa kalamu. Polisi wamewazingira wanyonya damu katika nyumba ndogo ya wageni, mchana, na wanafyatua risasi. Risasi zenyewe si tishio kwao. Lakini kila risasi inayopenya ukutani inaacha tundu, na kila tundu linaingiza mwale wa jua, na mwale ukigusa ngozi, ngozi inaungua na kutoa moshi. Chumba kilichokuwa maficho kinajaa miale, na walio ndani wanakosa pa kukanyaga. Hapo mapigano na sheria ya vampaya vimekuwa kitu kimoja, na adui mkubwa chumbani ni mwanga tu.

Ni haki kuongeza kwamba filamu hiyo iliingiza fedha pungufu ya gharama yake ilipoonyeshwa kwenye majumba ya sinema. Watetezi wanaweza kuushika mfano huo na kusema kwamba ubora haulipi, na kwamba msambazaji anataka bango lenye upanga na mwezi mwekundu. Nakubali kwamba shinikizo hilo lipo, na kwamba mara nyingi mwongozaji hana sauti mbele yake. Mwaka 1998 Blade, iliyogharimu takriban dola milioni 45, iliingiza zaidi ya dola milioni 130, na tangu hapo koti la ngozi, upanga na adui anayegeuka majivu vikawa sare ya aina hii ya filamu. Lakini walioiga waliiga vile vilivyokuwa ghali. Wakaiacha njaa ya shujaa mwenyewe, ambaye ni nusu vampaya na anahitaji dawa kila mara ili asiwanyonye watu anaowalinda. Njaa hiyo huigizwa kwa uso na kuandikwa kwa kalamu, hailipiwi.

Anayedhani mtazamaji anayelalamika anachukia umaskini na akumbuke filamu ya Van Helsing ya mwaka 2004. Iligharimu takriban dola milioni 160, ikajaza skrini mazimwi ya kila aina, na wahakiki wengi waliilalamikia kwa maneno yanayofanana sana na yale yanayoelekezwa kwa filamu za bei ndogo: vurugu nyingi, hofu kidogo, watu ambao hatukupewa sababu ya kuwajali. Kipimo kilikuwa kilekile kwa tajiri na kwa maskini.

Hoja ya watetezi ninayoiheshimu kuliko zote ni ile inayohusu wanaoanza. Wanasema kwamba filamu ndogo za kutisha ni shule, na kwamba ukali wa watazamaji unaifunga shule hiyo. Ni kweli kwamba ni shule. Robert Rodriguez alipiga picha El Mariachi, iliyotoka mwaka 1992, kwa takriban dola 7,000 (msambazaji aliongeza fedha nyingi baadaye ili kuikamilisha), na mwaka 1996 akaongoza From Dusk Till Dawn, ambayo ni filamu ya mapigano ya vampaya. Lakini tazama alivyojifunza. Aliiandika hadithi kwa kuangalia kwanza vitu alivyoweza kuvipata, na alipohitaji kamera itembee aliiweka kwenye kiti cha magurudumu cha wagonjwa. Aliuingiza ukata ndani ya mswada tangu ukurasa wa kwanza. Huruma inayosema “ulitarajia nini” haimfundishi mwanafunzi jambo hilo, kwa kuwa inamwambia kwamba kosa lake ni kukosa fedha, kosa ambalo hana uwezo wa kulirekebisha, na kumficha lile analoliweza.

Kwa hiyo yapo ya kusamehe, na mtazamaji mwema huyasamehe bila kuombwa: damu yenye wekundu uliozidi, popo asiyepiga mabawa sawasawa, kasri ambalo ni chumba kimoja kilichopigwa picha pembe nne. Yapo pia yasiyosamehewa kwa bajeti yoyote, nayo ni jua linalosahauliwa, steringi asiyetaka kitu, na adui anayetoa hotuba ndefu kueleza mpango ambao tayari tumeuona ukitekelezwa.

Na wanaoumizwa na makosa hayo si watazamaji peke yao. Katika filamu hizi duni mara nyingi kuna mtu aliyejirusha kutoka ghorofani kwa ujira mdogo, kuna mpambaji aliyekesha akibandika majeraha kwenye mashavu ya watu sita, na kuna mwigizaji chipukizi ambaye katika tukio moja, kabla ya mapigano kuanza, alituonyesha kwa macho tu kwamba anaogopa kile anachogeuka kuwa. Kazi yao ilikuwa nzuri. Mtazamaji anayesema wazi kwamba mswada uliwaangusha anawatendea haki kuliko mtetezi anayeifunika filamu nzima kwa udhuru mmoja wa bajeti.