Utabiri Unapokosea Mbegu na Unapokosea Mafuriko

Ukitaka ubishi kijijini kwetu Emuhaya, magharibi mwa Kenya, mwezi wa Machi, taja utabiri wa hali ya hewa. Jirani yangu aliwahi kupanda mahindi baada ya kusikia redioni kwamba masika yamefika. Ilinyesha siku nne, mbegu zikaota, kisha jua likawaka wiki tatu. Ikabidi anunue mbegu na mbolea upya, na mfuko wa DAP hata ukiwa wa ruzuku si kitu cha kununuliwa mara mbili na mtu anayeishi kwa vibarua. Tangu hapo husema heri awasikilize siafu kuliko mtangazaji.

Hoja yake ina mashiko. Utabiri wa msimu hutolewa kwa eneo pana, mfano bonde zima la Ziwa Victoria, nao hutaja uwezekano tu: huenda mvua ikazidi wastani. Lile "huenda" hudondoka njiani kabla habari haijafika kwa chifu au kwenye baraza, na mkulima hupokea ahadi.

Tena ngurumo za huku ni za mahali padogo. Mchana upepo wa ziwani hupanda kuelekea nchi kavu, ukakutana na upepo wa mashariki karibu na milima ya Nandi. Hewa hupaa, wingu hujaa, na kufikia saa kumi alasiri mawe ya barafu yanararua majani chai upande mmoja wa barabara huku upande wa pili vumbi likitimka. Kericho na Nandi Hills hutajwa miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Anayetaka kuambiwa asubuhi ni shamba la nani litakalopigwa jioni anadai kisichowezekana.

Basi turudi kwa wazee? Hapa hapa kwetu ukoo wa Nganyi umesoma miti, ndege na wadudu kwa vizazi, na wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa wamewahi kuketi nao ili watoe utabiri wa pamoja. Naheshimu kazi hiyo. Ila ishara za miti zilizoeleka kwa misimu ya zamani, na misimu yenyewe imeanza kuhamahama. Siafu nao hukosea, sema tu hakuna anayewaandikia barua ya malalamiko.

Kosa letu, naona, ni kupima kila utabiri kwa mizani moja. Tarehe ya kuanza mvua ikikosewa, mkulima hupoteza mbegu, pengine msimu wote. Huko shaka ni halali. Onyo la mafuriko likikosewa, mtu wa Nyando au Budalang'i, nyanda zinazofurika karibu na ziwa, amehamisha mbuzi na magodoro bure, akalala usiku mmoja kwa shemeji. Oktoba 2023 Rais William Ruto alisema mvua kubwa za El Niño zilizotabiriwa hazingekuja. Mwaka haujaisha mafuriko yalikuwa yameua watu zaidi ya 100. Waliopuuza onyo hawakuokoa chochote kwa kulipuuza.

Kweli, onyo nalo lina mipaka. Aprili 2024 tulikuwa tumeambiwa mvua kubwa inakuja, lakini hakuna aliyewaambia watu wa Mai Mahiu, Nakuru, kwamba maji yangejikusanya nyuma ya tuta la reli, yalibomoe usiku na kuporomokea nyumba zao. Hapo mbingu zilisomwa sawasawa. Kilichokosekana ni mtu wa kukagua kalvati, ile njia ya maji chini ya reli.

Jirani yangu mwaka huu alipanda nusu ya shamba mvua ya kwanza iliponyesha, nusu akaisubirisha wiki mbili. Nikamwambia huo ndio utabiri wa uwezekano wenyewe. Akanikatalia katakata: ni siafu walimwonyesha.